Mama Yangu Kiti cha Mbele

Jumamosi, 1 Juni 2024

Nimeanguka tena mtihani wa Kiingereza. Nusu alama! Nusu!

Kusikiliza — safi. Kusoma — safi. Kuzungumza — safi sana, yule mzungu aliyenihoji alicheka mpaka akavua miwani. Kuandika — sita. Wanataka sita na nusu. Hii ni mara ya tatu, na mara zote tatu ni kuandika kunakoniangusha. Matokeo niliyafungulia chooni, kule wodini ninakofanya kazi, maana sikutaka mtu aone uso wangu. Nikafunga simu. Nikafungua tena, kana kwamba zile alama zingenionea huruma.

Hospitali ya Uingereza imesema itanisubiri mpaka mwisho wa Septemba. Baada ya hapo nafasi yangu anapewa mwingine.

Nyumbani nilimkuta Mama anamlisha Bibi uji. Nikamwambia. Alimpangusa Bibi kidevu kwanza. Kisha: "Pole, mwanangu. Kuna samaki hapo, kula. Hakuna aliyefaulu mtihani kwa njaa."

Bibi akanitazama. Tangu apooze upande mmoja huongea neno moja moja, na siku nyingine hata hilo halitoki. Leo lilitoka.

"Tena?"

Tena, Bibi.

Jumanne, 4 Juni

Nimeanza kwa Ticha Dulo. Darasa lake liko mtaa wa Jaro, ghorofani, juu ya duka la mikate — unajifunza Kiingereza huku tumbo linaunguruma. Airene wa wodi ya watoto ndiye aliyenipeleka. Alinionya kwamba huyu mzee anafundisha kuandika tu, na hafundishi kama wengine.

Kweli hafundishi kama wengine! Alisoma insha yangu mbele ya watu wote. Insha niliyoipenda! Mwanzo wake nimeukariri tangu chuoni: katika ulimwengu wa leo unaobadilika kwa kasi, hakuna asiyejua kwamba, na kadhalika na kadhalika. Akachukua kalamu nyekundu akaikata mistari yote.

"Hiki ni kitambaa cha meza," akasema. "Kizuri, kina maua. Chakula kiko wapi?"

Watu wakacheka. Akanigeukia. "Swali liliuliza nini, binti?"

Nikasema lilikuwa kuhusu magari mijini.

"Sikuulizi lilikuwa kuhusu nini. Nakuuliza, liliuliza nini?"

Nikafungua mdomo. Patupu! Nimejaza ukurasa na nusu kujibu swali nisilolijua. Kumbe lilitaka niseme kama nakubali magari yapigwe marufuku katikati ya mji. Mimi nikaeleza faida za magari, hasara za magari, mpaka moshi wa jeep za abiria nimeutia — ila nakubali au nakataa, sikusema popote. Na ndivyo nilivyoandika mitihani yote! Nimebaki nimeduwaa njia nzima ya kurudi nyumbani.

Amri yake: wiki hii marufuku kuandika insha. Kupanga tu. Soma swali mara mbili. Sema uko upande gani, kwa sentensi ambayo hata muuza samaki wa sokoni angeielewa. Tafuta sababu mbili, si tano. Kila sababu ipe mtu — nani, wapi, alipatwa na nini. Hapo ndipo ushike kalamu. Na maneno makubwa usiyoyamiliki uyaache. "Ukivaa kiatu cha jirani," anasema, "msahihishaji anakuona unavyochechemea."

Kaniambia nije na Alhamisi pia, kundi la wakubwa. Eti mimi ni mgonjwa wa dharura.

Alhamisi, 6 Juni

Siamini.

Mama yuko darasani!

Nilifika nimechelewa, mvua imenipiga, viatu vinalia kwachu kwachu. Kiti cha mbele kabisa kuna mwanamke, mgongo umenyooka, kalamu mkononi. Mwavuli wa kijani umening'inizwa nyuma ya kiti chake. Nikawaza: mbona kama wetu? Akageuka.

"Kaa, Vel," akasema. "Unawazibia watu ubao."

Yesu na Maria! Nilisimama palepale kama nguzo ya umeme. Ticha Dulo akauliza kama tunafahamiana.

"Nimemzaa," akasema Mama, akageukia daftari lake.

Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nilikaa nyuma sikusikia hata neno moja la somo. Alhamisi Mama huenda kusali rozari na akina mama wa parokia! Ndivyo anavyotuambia tangu Kwaresima! Dada Osing wa jirani huja kukaa na Bibi ili Mama aende kusali, na mimi mpumbavu nilikuwa namwambia, Mama, usinisahau katika sala zako. "Sikusahau," alikuwa akinijibu. Uso mkavu kabisa.

Tulipotoka tulikula batchoy, ile supu ya tambi, kwenye kile kibanda cha kona. Supu ilipoa. Nikamuuliza, Mama, unafanya nini pale?

"Najinoa akili. Mtu akikaa zahanati asubuhi na kitandani kwa mgonjwa jioni, akili inaota kutu."

Nikaikubali hiyo. Sasa nimekaa hapa naitafakari. Nani hunoa kisu asichotaka kukatia kitu?

Ijumaa, 7 Juni

Asubuhi nimemuuliza tena, anafunga mkoba wake wa zahanati.

Akaniuliza yeye: "Wewe unasoma kile kitu kwa ajili ya nini?"

"Kwenda Uingereza."

"Basi."

Basi nini?! Akaondoka.

Alhamisi, 13 Juni

Leo ndiyo leo.

Ticha Dulo aliandika swali ubaoni: wengine wanaona ni jukumu la watoto kuwatunza wazazi wao wazee — unakubali kwa kiasi gani? Akatupa dakika chache tupange. Sisi wote tukakubali, kwa asilimia mia. Nani katika mji wetu huu wa Iloilo atakataa? Mtu akimpeleka mama yake kwenye nyumba ya wazee, habari zinafika parokiani kabla ya gari kurudi. Ticha akauliza, hakuna hata mmoja mwenye mawazo tofauti?

Mkono ukanyooka kiti cha mbele.

"Nakubali nusu," akasema Mama. Akaitwa ubaoni. Akasimama na chaki kama mtu aliyezaliwa nayo. "Swali linasema watoto. Wengi. Halikusema binti."

Ticha Dulo alipiga meza mpaka chaki zikaruka. "Mmesikia? Amelisoma swali! Nyinyi mmesoma swali lililo vichwani mwenu!"

Mama akaendelea, sauti ileile anayosomea wagonjwa majibu ya damu. Sababu ya kwanza: mzigo ukimwangukia mmoja utamvunja, na akivunjika yeye mzazi naye ameanguka. Mfano — mwanamke mmoja muuguzi. Ana kaka yake Bacolod, ng'ambo tu ya maji. Miaka tisa anamgeuza mama yake kitandani peke yake. Kaka hutuma salamu Krismasi, na picha ya nguruwe wa kuchoma. Sababu ya pili: mzee anayetunzwa na mtu aliyechoka anauona ule uchovu kila asubuhi, mwisho anaamini kwamba ugonjwa wa nyumba ile ni yeye. Mfano wa pili—

Alijipangusa chaki vidoleni. Akasema, "Mfano wa pili ni mama huyohuyo. Siku moja alifunga mdomo akakataa uji, ili bintiye akapumzike."

Unasikia tu mashine ya mikate chini.

Sijawahi kuambiwa habari ya uji. Nakaa nyumba ile! Nalala chumba cha pili! Uso uliniwaka kama nimepakwa pilipili.

Airene akanisogelea. "Vel, hii si insha. Hili ni bomu."

Jumamosi, 15 Juni

Nilivumilia siku nzima jana. Leo tulikuwa tunakamua shuka za Bibi, yeye ncha ile, mimi ncha hii, nikasema: Mama, niambie ukweli.

Akaniambia, huku anakamua. Ameomba kazi. Nyumba ya wazee, mji mdogo wa pwani, huko huko Uingereza. Wameshamhoji kwa simu, wamempenda. Wanasubiri alama za mtihani tu.

Niliachia shuka ikaanguka matopeni.

"Walikuhoji lini?"

"Siku ile uliponikuta nimepaka rangi ya mdomo ukaniuliza nani amekufa."

Mungu wangu! Naikumbuka siku ile! Nilicheka!

"Mama, una miaka hamsini na mitatu!"

"Ndiyo. Ndiyo maana sina muda wa kuzungusha maneno."

"Na Bibi je?"

Akaiokota shuka, akairudisha kwenye beseni. Hakunikasirikia, na hilo ndilo lililonitisha. "Wewe ulipoomba kazi yako," akasema, "ulijiuliza 'na Bibi je'?"

Sikujiuliza. Wazo hilo halikunipitia hata kwa mbali. Mama alikuwepo, basi. Kama ukuta. Unaondoka nyumbani ukijua ukuta umebaki.

Akaongeza, huku anasugua tope, kwamba aliwahi kupata nafasi Saudia kabla hajaolewa. Nikazaliwa mimi. Halafu Baba akatutoka. Halafu Bibi akapooza. "Kila mara kulikuwa na sababu nzuri," akasema. "Sababu nzuri na mfano wake."

Tukazianika.

Jumatano, 26 Juni

Tunaishi kama wapangaji wawili. Chumvi. Asante. Bibi amekunywa dawa? Amekunywa.

Ila cha ajabu! Juzi nilikuwa napanga swali la shule na simu za wanafunzi, nimekwama. Mama akapita na bakuli, akachungulia begani kwangu.

"Sababu yako ya pili ni ile ya kwanza imevaa kofia."

Nikatazama. Kweli! Kitu kilekile kwa maneno mengine! Nikaifuta. Nikaweka Airene, alivyompata mwanawe mgonjwa kwa sababu mtoto alikuwa na simu darasani akaweza kupiga. Insha ikaandikika yenyewe, kama maji ya bomba. Ticha Dulo jana hakutumia kalamu nyekundu hata mara moja. Aliandika chini: sasa nakusikia.

Nilitaka kumwonyesha Mama. Nikaiweka mkobani.

Jumapili, 7 Julai

Nimempigia Mjomba Berting, Bacolod. Sikumwambia Mama. Nikamweleza pole pole: Mama huenda akasafiri, mimi pia, Bibi ni mama yake yeye pia, wana nyumba kubwa, mke wake hafanyi kazi.

Mjomba alicheka kwanza. Alidhani natania. Kisha akanipa hotuba. Eti wanaume hatujui mambo ya kuosha wagonjwa. Eti Bibi hawezi kupanda boti kwa hali ile. Eti Felicisima, dada yake, siku zote alikuwa na kichwa cha moto, atapoa. Na mwisho: "Mwambie asiwaze makubwa. Umri umekwenda. Wewe nenda, Vel, wewe ndiye tegemeo."

Nilimwambia asante, Mjomba. Asante! Nikakata simu nikajishangaa. Kwa sababu sehemu fulani ndani yangu — naandika hapa tu — ilifurahi kusikia hayo. Atapoa. Nenda wewe. Ndiyo niliyotaka kusikia.

Ijumaa, 19 Julai

Kesho mtihani. Sote wawili, ukumbi mmoja.

Nimesema jambo baya.

Jioni Mama alikuwa anapiga pasi blauzi zetu, yake na yangu. Anaimba chini chini. Ana furaha! Anazungumzia koti la baridi, kama soko la mitumba lina makoti ya kweli. Bibi pale kitandani anamtazama tu. Sijui ni nini kilichonipanda. Nikasema: "Na Bibi akifariki wewe uko huko, utamwandikia insha? Sababu mbili na mfano?"

Wimbo ukakatika. Alipiga pasi kola ya blauzi yangu. Akaipiga tena kola ileile.

"Kalale mapema," akasema.

Bibi aligeuza uso ukutani.

Jumamosi, 20 Julai

Umeisha.

Ukumbi wa hoteli, baridi ya kiyoyozi kama chumba cha maiti. Tulipangwa kwa majina, Mama akatangulia, kwa hiyo alikuwa safu ya mbele yangu, kushoto kidogo. Tangu asubuhi alikuwa ameniongelesha vizuri, hata kanichongea penseli. Afadhali angenigombeza.

Kuandika ilikuwa ya tatu. Nikafunua swali la pili, lile la insha, moyo ukanipasuka: watu wengi siku hizi huhama mbali na familia zao kwa ajili ya kazi — je, madhara yake ni makubwa kuliko faida?

Sikuamini! Kati ya maswali yote ya dunia! Magari hamkuona? Plastiki? Nikainua macho nimtazame Mama. Alikuwa ameinama, anapanga, kalamu inakwenda mbio kwenye karatasi ya swali.

Nami nikapanga. Upande wangu, sentensi moja: faida ni kubwa, mradi wanaobaki wamechagua kubaki. Ilitoka hivyo. Sikuwahi kuiwaza kabla ya pale. Sababu mbili. Niliweka mtu katika kila moja, na nilijua vizuri ni nani.

Nilipofika aya ya mwisho nikainua kichwa tena. Mama ameweka kalamu chini. Mikono mapajani, anatazama saa ya ukutani, na muda bado upo wa kutosha. Nikajisemea, kamaliza! Mwanamke huyu! Wivu ulinishika, kusema kweli. Mimi nilikuwa bado natafuta namna ya kufunga.

Nje nikamuuliza ilikuwaje. "Nimemaliza," akasema. Tukanunua keki za wali kwa ajili ya Bibi.

Ijumaa, 2 Agosti

Nimefaulu! Kuandika — saba! Saba!! Nilipiga kelele wodi nzima ikageuka, mgonjwa wa kitanda cha dirishani akadhani kuna moto. Airene alinibeba juu.

Nikakimbia nyumbani. Mama alinikumbatia mpaka mbavu zikalia, akanizungusha, akamwambia Bibi, umesikia, umesikia? Machozi yake yalikuwa ya kweli. Nikasema, na wewe? Fungua yako.

Akasema baadaye, ana nguo motoni. Nani anachemsha nguo saa hizi! Nikachukua simu yake nikafungua mimi.

Kusikiliza, nane na nusu. Kusoma, nane. Kuzungumza, nane.

Kuandika, nne.

Nne?! Nikaisoma tena. Nikaangalia jina, labda ni la mtu mwingine. Ni yeye. Nne! Mwanamke aliyenifundisha sababu yangu imevaa kofia!

"Muda uliniishia," akasema Mama, mgongo kwangu, anakoroga sufuria isiyohitaji kukorogwa.

Nilitoka nje nikampigia Ticha Dulo. "Felicisima? Nne? Binti, haiwezekani. Yule akiandika amelala anapata saba. Alama kama hiyo mtu wa aina yake anaipata kwa njia moja tu. Awe ameacha insha."

Muda ulimwishia! Nilimwona kwa macho yangu! Kalamu chini, mikono mapajani, na saa bado inatembea!

Hakumaliza. Hakuanza.

Jumamosi, 3 Agosti

Sikulala vizuri. Asubuhi nilimkuta jikoni anapasua fenesi bichi la mchuzi wa kunde, mikono kaipaka mafuta ulimbo usigande. Nikavuta kiti.

"Mama, uliacha insha."

Kisu kikaendelea.

"Nilikuona. Ulikaa tu."

"Niliipanga," akasema. "Niliipanga yote, Vel. Ulikuwa mpango mzuri kuliko yote niliyowahi kupanga. Upande wangu, sababu zangu, watu wangu. Nikausoma. Nikaona kabisa kwamba nikiuandika, nafaulu. Mkono ukakataa."

Nililia hapo hapo. Nikasema ni mimi, ni yale maneno yangu kwenye pasi, nisamehe—

"Hebu! Usijipe sifa wewe." Alinielekezea kisu! "Maneno yako yaliniuma, ndiyo. Nimeumwa na makubwa zaidi nikaenda kazini. Si wewe. Wala si Bibi."

"Basi ni nini?"

Akaweka kisu chini. Akatazama mikono yake ya mafuta kama haijui ni ya nani.

"Niliogopa," akasema. "Maisha yangu yote nasema ningekwenda. Kama si mtoto, kama si mume, kama si mama. Ningekwenda, ningekwenda. Mle ukumbini mlango ukafunguka nikageuka nyuma, sikuona mtu aliyenishika. Hakuna, Vel. Hata mmoja. Nikaingiwa na hofu ambayo sijawahi kuiona. Nikakaa nikaangalia saa mpaka wakaja kuchukua karatasi."

Mama! Aliyemzalisha mwanamke kwenye mafuriko, tochi mdomoni! Anaogopa!

Na jambo lingine lililonishtua, na hili sijui nilifanyeje. Wiki zote nilikuwa namtaka abaki. Sasa amebaki. Nikajitafuta furaha ndani yangu, kila kona. Hakuna.

"Wale wa nyumba ya wazee wamesemaje?" nikauliza.

"Sijawaambia. Lete chumvi."

Jumapili, 4 Agosti

Naandika huku mambo yenyewe yanaendelea, nisije nikasahau yalivyokwenda.

Tulirudi kutoka misani. Mama akaenda uani kuosha vyombo. Mimi nikakaa na Bibi, nikamsimulia yote kwa sauti ya chini — sijui kwa nini, sijawahi kumsimulia Bibi kitu cha maana tangu apooze. Labda nilidhani masikio yake nayo yamepooza. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akainua mkono wake mzima, ule usiopooza, akaigonga simu yangu kwa kidole.

"Berting."

Nikasema, Bibi, Mjomba nilishampigia, hataki.

"Berting!"

Nikapiga, nikaweka sauti ya nje. Mjomba akapokea kwa uchangamfu, nyuma yake kuna televisheni na jogoo. "Vel! Hongera, nimesikia! Si nilikwambia?"

Nikamsogezea Bibi simu. Mdomo wake ulihangaika. Mate yakatoka, hakuniruhusu nimpanguse, aliusukuma mkono wangu.

"Zamu," akasema.

"Mama? Ni wewe, Mama? Zamu gani?"

Bibi akafumba macho. Nikaona mshipa wa shingo unavyojikaza. Ilimchukua muda mrefu, na Mjomba kule alikuwa amepunguza televisheni.

"Yako."

Yule jogoo tu ndiye aliyejibu. Mjomba akasema atapiga baadaye, sauti si ile ya kwanza. Bibi akaiachia simu juu ya shuka, jasho limemtoka kama aliyebeba gunia. Akanitazama. Alikuwa anacheka! Upande mmoja wa uso, lakini anacheka!

Nikaleta kompyuta nikakaa mezani. Nimewaandikia wale wa nyumba ya wazee kuuliza kama wanaweza kumsubiri muuguzi Felicisima Gallenero arudie sehemu moja ya mtihani. Siku ya Jumapili, sikutegemea jibu. Limekuja! Mistari miwili. Watamsubiri.

Sijui kama ninafanya vema. Sijamuuliza. Nafasi ya mtihani ipo mwisho wa mwezi, nikaanza kumjazia: jina, tarehe ya kuzaliwa, jina la kati, lile la ukoo wa Bibi. Nikasikia mtu nyuma yangu. Harufu ya sabuni.

"Unafanya nini?"

"Nakuandikisha."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna."

Maji yanamdondoka kwenye vidole, tone, tone, sakafuni. Nikamwambia jibu la wale watu. Nikamwambia Bibi kafanya nini. Akageuza shingo kumtazama Bibi kupitia mlango wa chumba, na Bibi, ambaye macho yake yalikuwa wazi kabisa, akajifanya amelala.

Nilimsubiri Mama aseme hapana. Nilikuwa nimepanga majibu, mawili, kila moja na mtu wake. Hakusema hapana. Hakusema ndiyo. Alisimama mpaka shingo ikaniuma kwa kumtazama juu. Kisha akainama, akanyoosha kidole chenye maji kwenye kioo.

"Sumagaysay," akasema. "Umeruka herufi. Jina la Bibi yako mwenyewe hulijui. Sogea."

Nimesogea. Nimekaa huku pembeni naandika, yeye yuko kwenye kiti changu, kavaa miwani, anatafuta herufi moja moja kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa. Anapumua kwa nguvu.

Simu inaita. Bacolod.

Nimeinuka niipokee. Mama kasema, bila kugeuka, mwache aite kwanza, nimalize jina—